Kuizuru Bagamoyo kwa Kufuata Maji: Mwongozo wa Siku Moja kutoka Kaole hadi Forodha Kongwe

Mtu anayekwenda Bagamoyo leo huingia mjini kwa mlango wa uani. Barabara ya lami humchukua kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini, humteremsha standi katikati ya maduka ya simu na vibanda vya chipsi, naye huanza kuuliza magofu yako wapi. Huonyeshwa nyumba moja, kisha nyingine, hupiga picha mbele ya kila mlango wa nakshi, na jioni hurudi na majina mengi yasiyoshikana. Nimewapeleka huko ndugu na wageni kwa miaka kadhaa, na kosa hilo nililifanya nao mara mbili tatu kabla sijatambua kwamba mji huu unasomeka kutoka baharini. Ufuko wa Bagamoyo una kina kifupi: maji yakipwa huacha mchanga mtupu hadi mbali, na yakijaa hufika karibu na kuta za forodha. Jahazi liliupenda ufuko wa namna hiyo kwa sababu lingeweza kulala mchangani, likapakuliwa bila gati, na likaelea lenyewe saa sita baadaye. Meli ya mvuke haikuupenda. Karibu kila jengo utakaloliona lilijengwa, au liliachwa, kwa sababu ya jambo hilo moja, na ndiyo maana mwongozo huu unapanga ziara kwa kufuata maji kujaa na kupwa.

Hatua ya kwanza: chagua siku kwa kutazama mwezi

Kabla ya kutazama nafasi kazini au bei ya chumba, tazama mwezi. Katika siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, bahari huwa katika bamvua, yaani hujaa sana na kutoka sana, na katika pwani yetu tofauti ya maji kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa kabisa karibu na saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hukauka karibu na saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata mambo hayo huchelewa kwa kiasi cha dakika 40 hadi 50, hata mwezi ukionekana nusu angani mpango umegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, saa kumi jioni yametoka, na hata yakitoka hayaendi mbali, ndiyo wavuvi wakayaita maji mafu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya jedwali lolote, kwani tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za mwezi humtosha. Mpango ninaoueleza hapa umejengwa juu ya siku ya bamvua. Ukilazimika kwenda siku za maji mafu, geuza hatua ya ufukoni uiweke jioni, ingawa hutauona ufuko ukiwa mtupu kama ninavyoueleza.

Kuhusu majira, miezi ya Juni hadi Septemba ni mizuri zaidi kwa mtembeaji, kwa kuwa upepo wa kusi huleta ubaridi na njia za Kaole, penye magofu ya mji wa kale, ni kavu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi mwanzoni, huwa na jua kali, lakini ndio upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na mwenye kupenda historia atastahimili jasho kwa ajili hiyo. Masika ya Machi hadi Mei simshauri mtu. Epuka pia kuupangia Ijumaa mchana jambo lolote linalohitaji mwenyeji, kwa sababu watu wako msikitini. Katika mwezi wa Ramadhani panga kula kwako mapema, kwani mahoteli mengi madogo hufungwa mchana, na kula hadharani mbele ya waliofunga si adabu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi huifupisha TaSUBa na ambayo ilianza kama chuo cha sanaa mwaka 1981, huandaa tamasha kila mwaka. Ukipenda ngoma na maigizo, iulize tarehe mapema. Ukipenda magofu na utulivu, iulize tarehe vilevile, uikwepe.

Hatua ya pili: safiri mapema, na beba vitu vichache vinavyofaa

Kutoka Dar es Salaam utapata daladala za Bagamoyo katika stendi ya Makumbusho, nazo hupita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Anayetoka Tanga, Moshi au Arusha hana haja ya kuzunguka hadi Dar es Salaam: ateremke Msata na kuchukua gari la barabara ya Msata–Bagamoyo, mwendo wa kilomita 64 unaovuka bonde la Ruvu. Ili kuyawahi maji ya saa nne asubuhi, ni lazima uwe umefika Bagamoyo saa mbili kamili, na kwa hiyo mwenye uwezo na alale huko usiku wa kuamkia ziara.

Beba kitambulisho cha taifa, kwa kuwa viingilio vya vituo vya malikale hutofautiana kati ya raia na wageni kutoka nje. Beba fedha taslimu kidogo pamoja na salio katika simu, kofia, maji ya kunywa, na viatu viwili: vya kufunga kwa ajili ya mji, na makubazi yanayovumilia tope. Akina mama na wasichana wabebe khanga au mtandio. Akina baba waache kaptura nyumbani. Hilo la kaptura watu hulipuuza, kisha hushangaa wazee wa barazani wanapoitikia salamu kwa ufupi.

Hatua ya tatu: anzia Kaole, hata kama mwongozaji atakushauri uimalizie

Kaole iko kilomita 5 hivi kusini mwa mji. Chukua bajaji au bodaboda, na patana kabisa nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi, maana pale hakuna kijiwe cha kupatia usafiri mwingine. Njiani utapita karibu na TaSUBa na Ngome Kongwe. Usisimame, utarudi huko baadaye.

Waongozaji wengi huwapeleka wageni Kaole mwishoni, wakiwa wamechoka, na mgeni huona mawe tu. Anayeanzia hapo huuona mwanzo wa habari. Kuna mabaki ya misikiti miwili, ambayo mkongwe wake unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, pamoja na makaburi zaidi ya ishirini yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua hapa mwaka 1958, na vipande vya vyombo vya udongo vilivyopatikana, vikiwemo vya Kichina, vimewekwa katika chumba cha makumbusho kilichopo hapohapo. Vitazame vipande hivyo kabla ya kwenda makaburini, halafu ukifika kwenye kaburi lenye mnara uangalie mashimo madogo ya mviringo yaliyochimbwa katika chokaa: ndimo yalimopachikwa mabakuli ya Kichina kama pambo. Bakuli lililovuka bahari nzima likatiwa katika kaburi la mtu wa Kaole linaeleza biashara ya wakati ule vizuri kuliko maelezo marefu ya ubaoni.

Baadhi ya makaburi haya si magofu kwa wenyeji. Kaburi linalojulikana kama la Sharifa huzuriwa na watu wenye dua zao, na huenda ukakuta ubani au kitambaa. Usiguse, usipige picha ya mtu anayeomba, na vua viatu kama ukiombwa. Mwongozaji atakupeleka pia kwenye mbuyu ambao husemwa kuwa una miaka 500, na atakualika uuzunguke ili uongezewe umri. Mimi huuzunguka kila nikienda, na sioni hasara.

Jambo kubwa la Kaole, hata hivyo, liko nje ya magofu. Mwombe mwongozaji akuonyeshe upande wa bahari. Pale palipokuwa bandari pamesimama mikoko, na kwa kuwa maji yanaendelea kutoka, utaona mizizi yake imetanda juu ya tope, kaa wakikimbilia matundu, na bahari yenyewe ikiwa mbali. Tope lilijaa, mikoko ikaota, vyombo vikakosa pa kuingilia, na biashara ikasogea kaskazini, kwenye ufuko wa mchanga wa Bagamoyo. Kaole haikufa siku moja: katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 ilikuwa bado na kikosi cha askari Wabaluchi wa Sultani wa Zanzibar, na wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika pwani hii mwaka 1857 walianzia safari yao hapo. Simama kwenye ukingo wa mikoko dakika chache. Baadaye leo utauona ufuko uliochukua nafasi hii, na utaelewa tofauti ya mchanga na tope kwa miguu yako.

Hatua ya nne: uwe ufukoni saa nne, maji yakiwa yamekupwa

Mwambie dereva akushushe kwenye soko la samaki, kando ya Forodha Kongwe. Badili viatu hapo. Mchanga wa karibu na soko una mifupa ya samaki na vipande vya chupa, kwa hiyo usivue viatu hata kama unawaona watoto wako peku.

Sasa tazama vyombo vilivyolala. Saa hii ndiyo utakayoweza kuviona kuanzia mkuku, ule mti wa chini kabisa, hadi ncha ya mlingoti, na kuvitofautisha bila kumwuliza mtu. Ngalawa ni gogo moja lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye mbao mbili za pembeni zinazolizuia lisipinduke. Dau lina ncha mbele na nyuma. Mashua imeundwa kwa mbao na nyuma yake imekatwa bapa. Jahazi ni kubwa kuliko yote, nalo ndilo lililobeba mizigo kati ya hapa na Zanzibar, ambako ni kilomita 40 na ushei ng'ambo ya mkondo. Ukibahatika utakuta mafundi wakitengeneza chombo, kwa kuwa kazi nyingi za upande wa chini hufanywa katika muda huu mfupi kabla maji hayajarudi. Fundi hukalafati nyufa kwa kusindika pamba iliyolowekwa mafuta katikati ya ubao na ubao, na sehemu ya chini ya chombo hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta unaozuia wadudu wanaotoboa mbao. Ndani utaona mataruma, zile mbavu zilizopinda. Mlilana, mmojawapo wa miti ya jamii ya mikoko uliyotoka kuiona Kaole, ni mti unaopendwa kwa mataruma kwa sababu hupinda wenyewe ukiwa unakua, na fundi huuchagua porini kwa kutazama umbo la tawi.

Kuna namna ya kuzungumza na watu hawa. Anza na shikamoo kwa mwenye umri, kisha pole na kazi, kisha unyamaze kidogo utazame. Usiulize bei ya jahazi kama swali la kwanza, wala usielekeze kamera kabla ya ruhusa, kwani wavuvi wamechoka kupigwa picha na watu wasiowajua ambao huondoka bila kuaga. Mimi niliwahi kufukuzwa hapo na fundi mmoja kwa kukanyaga tanga lililotandazwa likishonwa, na alikuwa na haki. Siku nyingine mzee wa makamo yake alinieleza kwa nusu saa nzima jinsi foromali, ule mti unaoshika tanga, inavyogeuzwa upepo ukibadilika, akichora mchangani kwa kijiti, na hakutaka chochote zaidi ya kikombe cha kahawa.

Ukiwa umesimama katikati ya mchanga mkavu, geuka uutazame mji. Hivi ndivyo alivyouona baharia. Mbele yako ni forodha, nyuma yake nyumba za ghorofa za wafanyabiashara, na nyuma ya hizo njia inayoelekea bara. Pembe za ndovu, sandarusi (utomvu mgumu wa miti) na watumwa vilishuka kuja hapa ulipo; vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na waya wa masango vilipanda kwenda bara. Mizigo ilibebwa mabegani na wachukuzi waliopita majini hadi magotini au kifuani. Hapakuwa na gati, na hadi leo karibu kila kitu kinachoshuka katika ufuko huu kinashuka kwa mabega.

Onyo moja: huenda ukaambiwa kwamba jahazi fulani linaondoka kwenda Zanzibar jioni na nafasi ipo. Usikubali. Vyombo vya mizigo havina vifaa vya kuokoa abiria, na anayetaka kwenda Zanzibar apande boti ya abiria Dar es Salaam. Kama unataka tu kuonja upepo kwa saa moja, kodi mashua mchana kweupe, na usipande mpaka umeona jaketi okozi kwa macho yako kwa kila mmoja wenu.

Hatua ya tano: ingia mjini kwa njia ya mzigo

Panda sasa kutoka ufukoni kama mzigo ulivyopanda. Jengo la kwanza ni Forodha Kongwe, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na inafaa kukumbuka kwamba walipoijenga makao makuu ya koloni yalikwisha kuhamishiwa Dar es Salaam miaka minne nyuma, mwaka 1891, kwa sababu kule kuna bandari yenye kina. Boma, jengo lao kubwa la utawala, ni la mwaka 1897. Kwa hiyo majengo haya mawili makubwa yalisimamishwa katika mji uliokwisha kunyang'anywa cheo, na reli ya kati ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hata misafara ikakosa sababu ya kuja. Boma liliwahi kubomoka sehemu kwa mvua, likatengenezwa.

Tembea polepole katika barabara kuu ya Mji Mkongwe, inayojulikana kama Mtaa wa India, na utazame nyumba zilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haizidi mita 3 hivi kwa urefu unaofaa, na ndiyo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na mti. Milango ya nakshi ina nguzo ya katikati iitwayo mfaa, na mbele ya nyumba kuna baraza za kukalia. Nyingine zimeanguka, miti imeota sebuleni. Nyingine zina familia ndani, na mlango ulio wazi si mwaliko, kwa hiyo piga hodi na usubiri.

Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa na sehemu kubwa katika mji huu, na aliyejulikana zaidi ni Sewa Haji Paroo, aliyeiuzia misafara vifaa na kuitafutia wachukuzi. Alifariki mwaka 1897. Wengi wa Dar es Salaam wanalitaja jina lake bila kumjua, kwa sababu jengo la Sewahaji liko katika hospitali ya Muhimbili.

Elekea kusini kidogo hadi Ngome Kongwe. Ilianza kama nyumba ya mfanyabiashara wa Kiarabu karibu na mwaka 1860, ikaimarishwa wakati wa Sultani Barghash, kisha ikatumiwa na Wajerumani na baadaye na Waingereza, miongoni mwa mambo mengine kama gereza. Waongozaji husimulia habari ya handaki lililokuwa likiwapeleka watumwa hadi baharini. Mimi hulipokea kama simulizi. Panda juu ya paa kama inaruhusiwa, kwa kuwa kutoka hapo utauona ufuko wote na utajua kwa nini mtu alichagua kujenga mahali hapo.

Katika eneo hilo la pwani pana mnara wa kumbukumbu wa Mwembe Kinyonga, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga watu waliowapinga, na hatua chache kutoka hapo pana makaburi ya Wajerumani wenyewe. Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka dhidi ya kampuni ya Kijerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim upande huu na Pangani, na Bwana Heri upande wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Mnara wa mviringo wa Dunda, ulioko upande wa bara wa mji, ni wa mwaka huohuo wa 1889, nao ulijengwa ili kulinda mji dhidi ya mashambulizi. Mwezi huohuo wa Desemba mpelelezi Stanley alifika Bagamoyo na Emin Pasha, gavana aliyekwenda kumtoa bara, baada ya safari ndefu, wakafanyiwa karamu, na usiku ule Emin Pasha akaanguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya kichwa. Alikuwa amevuka nusu ya Afrika salama.

Hatua ya sita: jua likiwa kali, kaa Caravan Serai na ule

Saa sita hadi saa nane si muda wa kutembea. Caravan Serai, yaani kituo walipopumzikia watu wa misafara, ina ua na vyumba vilivyouzunguka, pamoja na makumbusho ndogo. Njia ya misafara kutoka hapa kupitia Tabora hadi Ujiji ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi, na tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia.

Hapa utasikia maana ya jina. Wapo wasemao kwamba Bwagamoyo lilikuwa neno la mtumwa aliyekata tamaa alipoiona bahari, akijua kwamba moyo wake unabaki nchi kavu. Wapo wasemao kwamba lilikuwa neno la mchukuzi wa Kinyamwezi, ambaye baada ya miezi njiani aliutua mzigo na moyo wake ukatulia. Naegemea maelezo ya pili, kwa kuwa wachukuzi walikuja kwa maelfu kila mwaka, walikaa hapa kwa wiki na miezi wakisubiri msafara wa kurudi, na walikuwa na nyimbo za njiani zinazoutaja mji kama mahali pa raha. Lakini watumwa nao walipita, na mwongozaji anayekueleza maana moja tu amekupa nusu ya mji.

Kwa chakula, tafuta mama ntilie wa karibu na soko badala ya hoteli ya watalii. Wali wa nazi na samaki wa kupaka, au changu wa kukaanga na kachumbari, vitakutosha. Malizia kwa kahawa chungu na kashata barazani.

Hatua ya saba: Misheni, kwa njia ya miembe

Saa nane na nusu nenda Misheni, kaskazini mwa mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu au dakika chache kwa bajaji. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika kutoka Zanzibar mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Miembe ya njiani ilipandwa mwaka 1871, na bado inatoa kivuli. Makumbusho iko katika nyumba ya zamani ya masista ya mwaka 1876, na katika vituo vyote vya Bagamoyo hii ndiyo inayostahili saa nzima: kuna minyororo, nyaraka na picha zilizopangwa kwa uangalifu. Kanisa kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Usikose mbuyu wenye kipande cha mnyororo kilichomezwa na shina. Husimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga hapo punda wake.

Simama zaidi kwenye mnara uliosalia wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872. David Livingstone, mmisionari na mpelelezi, alifariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi tisa hadi hapa, ambapo ulilazwa usiku mmoja, Februari 1874, kabla ya kuvushwa Zanzibar. Katika mji wenye jina hili, ni yeye aliyefika akiwa ameuacha moyo kweli. Kibao kinamtaja yeye kwa herufi kubwa. Mgeni wangu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, aliwauliza wanafunzi wake majina ya waliombeba kabla ya kuwaruhusu kupiga picha, nami nimeiga utaratibu huo.

Kutoka kanisani kuna njia inayoteremka moja kwa moja hadi msalaba ulio ufukoni, mahali ambapo mapadre walitia mguu. Ifuate.

Hatua ya nane: rudi ufukoni saa kumi

Ukiufuata ufuko kuelekea kusini utafika tena sokoni, au kama maji yameziba njia utarudi kwa barabara. Mahali ulipokuwa umesimama saa nne asubuhi sasa ni maji ya kumzamisha mtu mzima, na vyombo vilivyokuwa vimelala ubavu vinaelea na kuvuta kamba za nanga. Mafundi wameondoka. Mabaharia wanapakia barafu na taa za kuvulia usiku, na wanaosafiri wanasubiri maji yaanze kutoka ili watoke nayo. Kaa penye kivuli cha forodha utazame chombo kimoja tangu tanga linapopandishwa mpaka kinapopotea.

Kama unataka kununua samaki wa nyumbani, nunua sasa, mnada ukiwa unaendelea. Tazama jicho na shavu la samaki kabla ya kutaja bei, mpe kijana wa kupaa magamba chochote kidogo, na omba barafu pamoja na mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, kwa sababu kondakta atakataa mfuko unaovuja. Uwe standi kabla ya magharibi.